Punje Ishirini na Tatu za Bibi Raheli

Ulemo, Alhamisi, 8 Julai 1993.
Asubuhi: upepo mkali wa baridi kutoka kusini, vumbi, jua limechelewa kutoka. Mchana mkavu.

Mwanangu Debora,

Utanicheka kwamba hata barua yako nimeianza kama ninavyoanza daftari langu la kila siku. Nimejaribu kuanza vinginevyo nikachana karatasi mbili. Mkono umezoea njia yake.

Mambo ya safari yako ya kesho, blanketi, sabuni, na nani wa kumuulizia ukishuka kwenye basi tulishayamaliza mchana, na baba yako ameyarudia mara tatu wakati wa kula. Sitayagusa. Nina jambo moja, na naliweka hapa mwanzoni ili nisizunguke mpaka nikalikimbia. Ndani ya bahasha hii kuna barua mbili. Moja ni hii yangu. Ya pili ni ya Bibi Raheli, aliyonitamkia nikuandikie siku chache kabla hajafa, mwezi wa Novemba. Imekaa kwangu miezi minane. Haikupotea. Niliificha mimi.

Basi, nimeshaandika, na peni yangu ni ya wino.

Nakumbuka siku ya mazishi yake ulivyofika kutoka Ihanja, ulikokuwa umekwenda kumsaidia mama yako mdogo aliyejifungua. Ulishuka na vumbi mpaka kwenye kope. Ulinikuta jikoni kwa Bibi nikigawa vyombo, ukaniuliza, "Mama, hakuniachia hata neno?" Nami nikakujibu, "Alikuwa amechoka sana, mwanangu." Ilikuwa kweli, alikuwa amechoka. Lakini hukuuliza kama alichoka. Tangu siku ile nimekuona ukimtaja bila kulalamika, kama mtu aliyekubali kwamba hakukumbukwa, na kesho ulikuwa uondoke hivyo hivyo. Nimeshindwa kuliacha jambo hili likae.

Nikueleze nilivyomjua, maana wewe ulimkuta tayari ni mzee na mimi tayari ni mwandishi wake.

Nilipoolewa hapa Ulemo nilikuwa na cheti changu cha kidato cha nne ndani ya bahasha, na nilitembea kama nimekibandika kifuani. Wanawake wa usharika waliposikia kwamba nasoma vizuri, wakaniweka niwasomee neno siku ya Alhamisi, kwenye nyumba ya Bibi Raheli. Yeye hakuwahi kuingia darasani. Alikaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi, na sisi tukakaa mkekani tunamsaidia. Siku ya kwanza nilipewa mwisho wa ule waraka mrefu wa mtume kwa watu wa Rumi. Nikasoma kwa mbwembwe zangu za shule. Nilipofika kwenye ile orodha ya wasalimiwa, nikaona majina magumu, nikaruka mpaka kwenye baraka, nikafunga kitabu.

Bibi akaacha kupukuchua. "Marta, mbona umewaruka watu?"

"Ni majina tu, Bibi."

"Majina tu!" Akawageukia wenzake. "Mmesikia mke wa kijana wetu? Sasa mimi kesho nikipita kwako bila kukusalimu, nikiulizwa nitasema, ah, ni Marta tu."

Wanawake walicheka mpaka mahindi yakamwagika. Nilirudia. Nilijikwaa kwenye kila jina, na kila nilipojikwaa alisema, "Pole pole, huyo naye ana mama yake." Kumbe alikuwa anawajua wote kwa kusikia tu. Alimjua yule mwanamke aliyebeba waraka wenyewe safari nzima. Alimjua yule mama ambaye mtume anasema alikuwa mama kwake pia. Aliniuliza nani alishika kalamu, nikasema ni mtume. Akanifungulia kwa kidole mahali pale, kidole kisichojua herufi, akasema, "Tafuta hapo karibu na mwisho." Kweli nikamkuta: mtu aliyeandika kwa mkono wake, ameingiza salamu zake mstari mmoja.

"Unaona," akasema, "mtu wa kalamu naye ana nafasi yake. Lakini hakumwondoa mtu ili aingie yeye."

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilidhani ananitania.

Baadaye ndipo nilipojua kazi yake. Bibi Raheli alikuwa na watoto wengi ambao hakuwazaa. Kijana au binti akionyesha kupenda mambo ya Mungu, alimwita aje ampepetee uwele, na katika kupepeta alimlea. Hakuwahubiria. Aliwauliza maswali na aliwaombea kwa majina, na wakienda mbali kufanya kazi ya uinjilisti aliwaandikia. Yeye alitamka, mimi niliandika.

Unakumbuka alivyokuwa anakusanya salamu, maana miaka ya mwisho ulizunguka naye. Siku moja kabla ya barua, alipita nyumba kwa nyumba. "Una neno gani kwa fulani?" Mtu akisema neno lake, Bibi alichukua punje moja ya mahindi akaifunga kwenye pindo la khanga. Punje moja, mtu mmoja. Siku ya kuandika alifungua pindo, akaweka punje moja moja mkekani, na kwa kila punje alisema salamu ya mtu huyo kama alivyoisema mwenyewe, hata kikohozi chake. Hakukosea. Barua ikishafika na jibu likarudi, ndipo punje zilimwagwa kwa kuku. "Zikibaki," alisema, "salamu bado ziko njiani."

Sasa nifike kwenye kosa langu la kwanza. Hulijui, kwa sababu watu wa hapa wamekuwa na huruma kwangu.

Ilikuwa ile miaka ya foleni, wewe ukiwa darasa la kwanza. Sabuni hakuna, chumvi hakuna, na karatasi hakuna. Daftari moja la shule nililigawa vipande, nikawa naandika hata kwenye pambizo. Yona, mwana wa Mama Yona wa jirani, alikuwa Sekenke, anafanya uinjilisti kwa wachimbaji wa dhahabu. Alikuwa kijana wa Bibi kabisa, wa kwanza kupendwa. Watu kule walimcheka, walimwita mchungaji wa mashimo, na alikuwa peke yake. Mama yake alikuwa na kidonda cha mguu, na Yona alipoondoka alimwacha hawezi kusimama.

Bibi alikusanya salamu punje kumi na saba. Alinitamkia maneno yake kwa Yona, mazuri mno, na nikayaandika yote. Kisha akaanza kuweka punje. Nikatazama karatasi yangu, imebaki nafasi ya vidole viwili tu. Nikaandika: "Watu wote huku wanakusalimu sana." Yeye aliendelea kuweka punje na kusema, mimi nikaendelea kusogeza kalamu hewani. Nilifanya hivyo mbele ya mwanamke asiyejua kusoma. Punje ya Mama Yona ilikuwa na maneno haya: "Mwambie mguu umepona, nachota maji mwenyewe." Nayo nikaipitisha hewani.

Jioni niliandika kwenye daftari langu. Ninalo hapa, nimelifungua: "Barua ya Bibi kwa Yona. Ukurasa mmoja. Nimebana vizuri."

Yona hakujibu. Punje zikakaa kwenye kikombe cha bati. Ikapita miezi sita. Siku moja akatokea kwa miguu, amekonda, nguo zimejaa udongo wa shimoni, akaenda moja kwa moja kwao. Alimkuta mama yake uani anatwanga. Akapiga magoti palepale akalia. Mama Yona aliacha mchi, akasema, "Wewe, unamlilia nani?"

"Nilijua umekufa, mama."

"Nimekufa lini? Mbona sikuambiwa?"

Majirani walicheka, naye akacheka huku analia. Lakini jioni, kwa Bibi Raheli, alieleza nami nikiwepo. Alisema barua zote za Bibi zilikuwa na majina, na hii haikuwa na jina hata moja. Aliisoma mara nyingi akitafuta jina la mama yake. Mwisho akaona kwamba ameshakufa na sisi tunamficha ili asiache kazi. Alikasirika na sisi, akakasirika na Mungu, akafunga kitabu, akashuka shimoni na wenzake. Kurudi nyumbani aliogopa, maana hakutaka kuonyeshwa kaburi.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia. Hakupandisha sauti.

"Marta. Nilipoweka punje ya Mama Yona, uliandika nini?"

Nikamwambia. Nilitaja karatasi, nilitaja vidole viwili. Nilisikia sauti yangu inavyojitetea vizuri, kwa mpangilio, kama mtihani.

Alikisogeza kando kikombe cha punje. Halafu akasema, "Kesho ni Alhamisi. Njoo na kitabu."

Usiku ule nilijua nimefukuzwa. Nilimwambia baba yako kwamba Bibi atatafuta mwandishi mwingine. Akasema, "Mwingine yupi? Wewe ndiye mwenye cheti," akageukia ukutani. Kesho yake nilikwenda. Bibi akaniambia nisome mwisho wa waraka wa pili kwa Timotheo, pale mtume ni mzee, yuko gerezani, wengi wamemwacha. Nilisoma. Anaomba aletewe joho lake na vitabu kabla ya majira ya baridi. Hapo Bibi alizoea kucheka: "Mtumishi wa Mungu naye anasikia baridi, kama sisi mwezi wa saba." Siku ile hakuningoja nifike hapo. Alinisimamisha kabla ya joho, kwenye jina la Marko.

"Huyo Marko," akasema, "si ndiye aliyewahi kuwaacha njiani, mpaka mtume akamkataa?"

"Ndiye, Bibi."

"Na sasa mzee anasema nini?"

"Anamwambia Timotheo aje naye, kwa sababu anamfaa."

"Haya." Akasogeza kigoda. "Chukua kalamu. Tuna barua ya mtu mwingine. Lakini kuanzia leo, ukimaliza kuandika, unanisomea chote."

Hilo tu ndilo alilosema juu ya kosa langu, kwa miaka yote iliyobaki. Nimesoma shule, nimekaa na wachungaji, nimesikia mahubiri mengi ya msamaha. Sijaona mtu aliyeyashika maandiko kama mwanamke yule ambaye hakuweza kuyasoma. Alizichukua zile barua za zamani kama barua kweli, zilizoandikwa na mtu fulani kwa mtu fulani aliyekuwa anangoja. Akawa anaishi hivyo.

Yona hakurudi kusimama mbele za watu. Yuko Sekenke mpaka leo, ni mchimbaji mwema, anamtunza mama yake. Akija kwa mama yake, nikimwona kanisani amekaa benchi la nyuma, najua ni nani aliyemkalisha pale.

Ndipo ukaja wewe. Ulikuwa na miaka kumi na miwili ulipochukua nafasi yangu ya kusoma, kwa sababu mimi nilianza kibanda. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na mimi niliyepanga foleni ya sabuni nikawa nauza sabuni. Siku moja nilipita kwa Bibi kukuita, nikasimama nje ya ukuta wa jiko. Ulikuwa unasoma ile orodha ya wasalimiwa. Hukuruka hata mmoja. Ulimpa kila mtu sauti yake, mmoja mzee, mmoja mwenye maringo, mmoja mwenye mafua. Bibi alikuwa hoi kwa kicheko. "Timotheo wangu," alikuambia, "Timotheo mwenye sketi!" Nilirudi kibandani bila kukuita. Nilifurahi, na furaha yangu ilikuwa na wivu ndani yake. Nakiri yote mawili.

Na nilikuona miaka iliyofuata. Walipokuja wale wahubiri wenye jenereta na spika, vijana wote wakakimbilia uwanjani, wewe ulikwenda ukasikiliza, ukarudi ukamwambia Bibi, "Wanasema kwa nguvu, lakini hawajamuuliza mtu jina." Sikukufundisha mimi maneno hayo. Nilikuwa kibandani napanga betri. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba kibanda kitakuwa chako, tukiweke mabati, tuongeze khanga za mjini. Niliipanga kesho yako kama ninavyopanga rafu.

Mwezi wa Novemba Bibi akaanguka. Aliponiita alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba, sijui alitembeaje. Alitamka barua yako mchana wa siku mbili, akipumzika katikati. Karatasi siku hizi zipo, hata dukani kwangu, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Niliandika kurasa tano. Niliandika punje zote ishirini na tatu, na nikamsomea chote. Akasema, "Sasa umeandika." Siku ya nne akafariki.

Katika barua ile anakuambia uende. Anasema amezungumza na mchungaji, anasema amekuona tangu ulipokuwa unampepetea uwele, na mikono yake aliiweka juu ya karatasi kwa sababu wewe hukuwepo aiweke kichwani kwako. Nililiandika hilo pia. Kisha nikaikunja, nikaitia ndani ya daftari langu, na nikafikiri juu ya mabati.

Ninayo mistari mitatu kwenye daftari. Desemba: "Leo nitampa D. ile barua." Januari: "Nimpe D. barua baada ya kupanda." Februari: "Barua." Basi, neno moja.

Mwezi wa Machi ukaja kunionyesha fomu ya chuo cha Biblia. Uliijaza mwenyewe, hukuitwa na mtu. Ulisimama pale mlangoni pa kibanda ukasema, "Mama, najua unataka nibaki. Lakini naona kama kuna watu wananingoja, ingawa siwajui majina." Nilikupa mkono wa hongera na nikauza kiberiti kwa mteja, nikiwa sioni ninachouza. Sikukuzuia hata siku moja kwa kuificha. Nilichokifanya ni kukuacha utembee njia hiyo peke yako, ukidhani aliyekulea hakusema kitu. Ndivyo nilivyomfanyia Yona. Mara mbili, mkono uleule.

Kwa hiyo sikushauri mengi, mwanangu. Umezidi mahali nilipofika, na nasema hivyo kwa fahari. Huko chuoni watakufundisha nyaraka hizo ziliandikwa lini na wapi, nawe sikiliza vizuri, mimi napenda mambo hayo. Ila ukikutana na majina mwishoni, usikubali mtu akuambie kwamba somo limekwisha.

Jambo la mwisho liko ukurasa wa tano wa barua ya Bibi. Nalisema mwenyewe ili usilikute peke yako. Alisema: "Barua hii itachelewa, maana inapita kwa Marta, na Marta ni mama. Ikifika, usimhesabie siku." Nilicheka. Nikamwambia, "Bibi, unaniaibisha mbele ya mtoto." Akasema, "Andika, kisha unisomee." Nikaandika kwa mkono wangu, nikamsomea kwa sauti yangu, na bado nikaichelewesha. Sikuombi uupokee msamaha wake kana kwamba ni wako. Wako ni wako, utautoa ukiwa tayari.

Nilikuwa nimepanga kuiweka bahasha hii chini kabisa ya sanduku, chini ya shuka, uikute ukishafika mbali. Nimeiona akili hiyo, naijua, ni ileile ya vidole viwili. Nitakuamsha saa kumi na moja nikupe mkononi kabla ya uji. Basi linapita saa moja. Utasoma nikiwa nimekaa hapo mbele yako, uniulize lolote, unitazame usoni.

Leo nimezunguka nyumba kwa nyumba. Ndiyo maana ulinitafuta mchana hukunipata. Pokea salamu. Baba yako anasema ukiandika, andika herufi kubwa, macho yake yamepungua na hataki kusomewa. Mama Yona anasema mguu wake bado unachota maji, na ukipata mchumba huko aje kwanza kwake akaguliwe. Mama yako mdogo wa Ihanja alituma neno kwamba mtoto sasa anakaa mwenyewe. Yona alikuja Jumapili na bado yuko kwa mama yake, nikamwendea leo nikiogopa. Alinisogezea kigoda, akasema: "Mwambie Debora, barua ikimfikia fupi, asikae nayo peke yake. Aulize." Na mimi Marta, niliyeshika kalamu, nakusalimu.

Punje za Bibi ninazo. Zimekaa kwenye kikombe chake cha bati juu ya kabati miezi yote hii, na kila nikifuta vumbi nilizisikia zikigonga. Kumi hivi zimebunguliwa, lakini zote ziko, ishirini na tatu. Ukimaliza kusoma tutafungua banda, na utawamwagia kuku mwenyewe.

Saa sita na dakika ishirini. Upepo umetulia. Nazima taa, nalala.